Laptopu ina picha za maharusi, na shemeji ataka kuifungua

BARUA

Assalaam aleykum, mama mshauri.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, naishi Langoni hapa Lamu. Kazi yangu ni kupiga picha na video za harusi, upande wa wanawake peke yake. Kwenye kupamba haingii mwanamume, simu za wageni zinaachwa mlangoni, na wanaoshika vyombo humo ndani ni mimi na binti mmoja anayenisaidia taa. Bibi harusi anakaa kichwa wazi, hina imempanda mpaka begani, mama zake na shangazi zake wanapiga vugo na kuimba yale yasiyoimbwa mbele ya wanaume. Kabla sijawasha kamera, mama mwenye shughuli huniita pembeni, na sharti huwa ni lile lile: "Hizi zisionwe na jicho la mwanamume." Nami hukubali. Jina langu mjini limesimama juu ya sharti hilo kuliko juu ya uzuri wa picha zenyewe.

Video nazihariri mwenyewe nyumbani, usiku, mtoto akishalala. Laptopu ninayotumia aliniletea kaka yangu anayefanya kazi Dubai. Ilikuwa ya ofisi, akaipata kwa bei nafuu, akaibeba mkononi mpaka hapa. Bila hiyo nisingeanza kazi hii. Ina kibandiko cha Core i5, na nilipofungua maelezo ya mfumo nikaona i5-4300U. RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni 4GB. Diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, 500GB, nayo imekaribia kujaa.

Mwanzo ilinitosha. Lakini tangu ninunue simu mpya inayopiga 4K na kuanza kuitumia pamoja na kamera, imekuwa mateso. Nikisogeza video mbele kidogo inaganda. Sauti inatangulia, picha inafuata. Nikitaka kutoa filamu iliyokamilika naiacha usiku kucha, feni inavuma mpaka mume wangu anahamia sebuleni, na alfajiri naikuta imesimama njiani na ujumbe kwamba kumbukumbu ya grafiki imejaa. Programu yangu ni DaVinci Resolve, ile ya bure. Kuna mama mmoja kila tukikutana njiani ananiuliza filamu ya mwanawe iko wapi, na sina la kumwambia ila asubiri. Baada ya Ramadhani nina harusi zinazofuatana, na zingine nimeshapokea arubuni.

Mume wangu ana mdogo wake, fundi wa simu na kompyuta huko Malindi. Alipokuja kututembelea aliiangalia dakika chache, akasema dawa yake anayo: ataniwekea prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya i7 na grafiki kubwa, na laptopu itarudi kama mpya. Vifaa ni shilingi 28,000. Kazi yake hataki kitu kwa sababu mimi ni mke wa kaka yake. Nimpelekee Malindi, akae nayo wiki mbili. Zamu yangu ya chama imefika na nina shilingi 45,000, kwa hiyo pesa si tatizo.

Mama, hapo ndipo nilipokwama. Ndani ya laptopu hiyo mna maharusi wote niliowapiga. Nikimpa shemeji, nimewatoa nje. Nikisema nizifute kwanza, sina pa kuziweka, na zingine bado sijazihariri. Nilimwambia mume wangu kwamba nasita, akanitazama akasema, "Kwani ndugu yangu unamwonaje?" Sikumjibu. Mavyaa amesikia kwamba nimekataa, na sasa salamu zake zimekuwa fupi. Wallahi simshuku shemeji yangu kwa lolote, ni kijana mwenye adabu. Lakini ahadi niliyowapa wale wamama sikuiwekea "isipokuwa shemeji".

Na rafiki yangu naye ananiambia niuze, niongeze pesa za chama, ninunue nyingine. Kaka yangu akisikia nimeuza zawadi yake nitamtazama vipi? Na kama kweli dawa ni prosesa na grafiki, si nitakuwa nimetupa kitu kinachotengenezeka?

Niongoze, mama. Sitaki kuharibu kazi, wala sitaki kuharibu nyumba.

Mpiga picha wa Langoni, Lamu

JIBU

Wa aleykum salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikirudi naona mambo matatu yaliyokujia siku moja: mashine iliyoelemewa, ahadi uliyowapa wanawake waliokuamini, na heshima ya mdogo wake mumeo. Kwa kuwa yamekuja pamoja, unaona kama lazima uyakubali yote au uyakatae yote. Tuyatenganishe kwanza. Naanza na mashine, kwa sababu nadhani umeambiwa jambo juu yake ambalo halijapimwa.

Ile namba uliyoniandikia, i5-4300U, ina habari nyingi. Tarakimu 4 ya mwanzo ni kizazi cha nne cha prosesa za Intel, kilichoingia sokoni mwaka 2013. Herufi U ya mwisho ndiyo yenye neno. Prosesa za U ni za kula umeme kidogo, wati 15, na kiwandani zinalehemewa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Hazikai kwenye soketi, kwa hiyo huwezi kuchomoa hii ukachomeka ile. Katika kizazi hicho hicho zilikuwapo laptopu zenye prosesa inayoishia na M au MQ, na hizo zina soketi: fundi anafungua, anatoa i5, anaweka i7, anapaka pesti mpya ya kupitisha joto, kazi imekwisha. Kuanzia kizazi cha tano Intel waliacha kabisa soketi kwenye laptopu. Kwa hiyo shemeji yako akisema ameshabadilisha prosesa za laptopu na zikafanya kazi, namwamini. Huenda zilikuwa za M. Yako aliitazama dakika chache tu, na herufi hiyo moja haionekani kwenye kibandiko cha nje.

Kwa mashine yako, "kubadilisha prosesa" maana yake ni kubadilisha bodi kuu nzima, itafutwe ya modeli ile ile kutoka kwenye laptopu nyingine iliyovunjika. Na hiyo i7 itakuwa ipi? Kwenye bodi za aina hii mara nyingi ni i7-4600U. Ziweke pamoja uzitazame. Yako ina kori mbili, yaani viini viwili vya kufanya kazi, na ile ina kori mbili. Grafiki ya yako ni Intel HD 4400, na ya ile ni hiyo hiyo HD 4400. Mwendo wa juu wa yako ni gigahezi 2.9, wa ile ni 3.3. Jina i7 linavutia, lakini filamu inayokukesheza leo bado itakukesheza.

Grafiki nayo ina kisa chake. Kwenye mashine yako imo ndani ya prosesa yenyewe, wala haina kumbukumbu yake. Inakopa kutoka kwenye RAM. Una RAM ya 4GB. Windows imeshachukua fungu lake, Resolve inataka lake, kinachobaki kwa grafiki ni makombo, na ndipo unapopata ule ujumbe wa alfajiri. Kadi ya grafiki inayochomoleka ipo kwenye laptopu chache, zile nene za wahandisi zenye nafasi iitwayo MXM. Laptopu nyingi zenye grafiki ya peke yake, hata hiyo imelehemewa. Na grafiki za nje zinahitaji tundu la Thunderbolt ambalo laptopu za ofisi za miaka ile kwa kawaida hazina. Kwa hiyo muulize shemeji, kwa upole na kwa kutaka kujua kweli: hiyo grafiki kubwa ataichomeka wapi? Huenda ana jibu ambalo mimi silijui kwa kuwa sijaiona mashine. Lakini jibu hilo ulisikie kabla ya kutoa shilingi hata moja.

Sasa kuna sentensi katika barua yako uliyoiandika kama inapita njia, nami nimesimama nayo. Umesema mateso yalianza uliponunua simu mpya. Mwanangu, laptopu haikubadilika mwezi ule. Kilichobadilika ni mzigo. Picha moja ya 4K ina nukta mara nne ya ile ya 1080p uliyokuwa ukipiga zamani. Tena simu nyingi mpya huhifadhi video kwa mtindo wa HEVC, yaani H.265, unaobana sana ili faili liwe dogo. Kufungua kilichobanwa hivyo ni kazi, na prosesa za Intel zilipata kifaa chake maalumu cha kuifanya kuanzia kizazi cha sita. Yako ya kizazi cha nne inafungua kila picha kwa nguvu ya mikono, ndiyo maana sauti inatangulia na picha inafuata.

Jaribu hili usiku mmoja, halikugharimu kitu. Ingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu, tafuta mahali pa kuchagua aina ya video, uchague H.264 (kwenye simu zingine imeandikwa kwamba ndiyo inayokubalika na vifaa vingi), na ukubwa uwe 1080p. Piga dakika tano za chochote, hata mtoto akila uji, uzihariri. Kama mashine itatembea, umejua. Wateja wako wanaitazama filamu kwenye televisheni ya sebuleni na kwenye simu. Wangapi wamekuomba 4K? Kwa zile ulizokwisha piga, mwambie Resolve akutengenezee nakala nyepesi. Unahariri kwenye nakala hizo ndogo, na mwisho programu inarudi yenyewe kwenye video asili wakati wa kutoa filamu. Kuzitengeneza kunachukua muda na nafasi kwenye diski, na kutoa filamu bado kutakuwa polepole, lakini saa zako za kukaa mbele ya kioo zitapungua. Resolve yenyewe inaitegemea sana grafiki. Zipo Kdenlive na Shotcut, za bure pia, ambazo huzivumilia mashine za zamani vizuri zaidi. Hasara yake ni kujifunza upya ukiwa na harusi mlangoni, na hilo si dogo.

Na kabla hujaamua lolote la kulipia, fungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uingie kwenye Performance huku video inacheza. Tazama mistari mitatu: CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk (diski). Kama Disk imeganda kwenye asilimia 100 na Memory imejaa, mashine yako ina njaa ya RAM na diski. Kama CPU ndiyo iliyojaa peke yake, basi prosesa kweli imefika mwisho wake. Tazama pia mwendo wa gigahezi. Ukishuka kabisa chini ya 1.9 baada ya muda, na kibodi inachoma, ni joto: prosesa hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Nyumba zetu wakati wa kaskazi zina joto la kutosha, na feni iliyokaa miaka karibu na bahari hujaa vumbi lenye chumvi. Kusafisha feni na kupaka pesti mpya ni kazi ndogo kwa fundi, na mashine nyingine hurudi uhai kwa hilo tu.

Kuilisha mashine hiyo hiyo ni njia moja. Laptopu nyingi za aina yake zina nafasi mbili za RAM na zinafika 16GB. Ulizia DDR3L, kwa sababu DDR4 haiingii. Badala ya diski ya kuzunguka iweke SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Diski yako husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, SSD ya SATA hufika kama 500. Kufungua na kusogeza video kutakuwa kwepesi, ingawa kutoa filamu hakutaongezeka kasi sana kwa sababu hiyo ni kazi ya prosesa. Fedha zako za chama zinaweza kukutosha na zikabaki. Lakini ujue unailisha mashine ya mwaka 2013. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu. Ukiitumia kwa kuhariri tu, bila intaneti, hatari inapungua. Ukiiingiza mtandaoni kila siku na picha za watu zimo ndani, inaongezeka.

Rafiki yako naye hakusema ovyo. Laptopu iliyotumika yenye i5-8250U, ya kizazi cha nane, ina kori nne kwa wati zile zile 15, inafungua HEVC bila kuhema, na Windows 11 inaikubali. Hiyo ni hatua ya kweli, kubwa kuliko i7 ya kizazi chako. Hata hivyo grafiki yake bado imo ndani ya prosesa, na Resolve ikipewa kazi nzito itakulalamikia. Ukipata yenye grafiki ya peke yake ni bora zaidi, bei nayo itapanda. Na mashine ya mkono wa pili ina siri zake: betri iliyokufa, nywila ya ofisi iliyofungiwa kwenye BIOS (programu ya kuwashia mashine), bodi iliyowahi kulehemewa. Usilipe kabla hujaichezesha video nusu saa na kuizima na kuiwasha mbele ya muuzaji. Nakuuliza na hili: kwa kuwa unahariri nyumbani tu, lazima iwe laptopu? Kwenye kompyuta ya mezani, hayo aliyoyasema shemeji yanawezekana, prosesa inachomolewa na kadi ya grafiki inachomekwa. Itakudai mahali pake, kioo, na kifaa cha kushikilia umeme ukikatika katikati ya kazi. Wewe ndiye unayeijua nyumba yako.

Sasa tuje kwenye ahadi. Hapa sina cha kukusahihisha. Umeilinda vizuri, na nimefurahi kuona kijana wa kizazi chako analichukulia sharti la mama wa bibi harusi kwa uzito ule ule waliolichukulia mama zetu. Hata sheria iko upande wako: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na anayehifadhi picha za watu kwa kazi yake anatakiwa azilinde.

Ila umefikiri kwamba kumpa shemeji laptopu ni kumpa maharusi. Si lazima iwe hivyo. Picha hazikai kwenye prosesa wala kwenye RAM. Zinakaa kwenye diski, na diski inatoka. Ni skrubu chache. Fundi wa bodi, wa feni au wa RAM hahitaji diski yako. Anaweza kuijaribu mashine kwa diski yake mwenyewe. Na kama utaweka SSD, ile ya zamani inatoka tu na kubaki kabatini kwako. Kumbuka pia kutoa kadi ya kamera kwenye tundu lake. Usitegemee kufuta. Faili ukiifuta na kumwaga pipa la taka, bado inaweza kufufuliwa kwa programu za kawaida mpaka nafasi yake iandikwe kitu kingine. Kwa sababu hiyo hiyo, siku ukiuza laptopu usiuze na diski.

Na hapa nina hofu kubwa kuliko ya shemeji. Maharusi wote wako wamo kwenye diski moja ya zamani iliyokaribia kujaa. Diski ya kuzunguka ikifa hufa bila kuaga, na nyingine zikifa hakuna fundi wa kuzifufua. Sijui utachagua njia gani, lakini diski ya nje ya kuweka nakala ya pili, yenye nywila, ningependa uihesabu ndani ya zile 45,000 kabla ya kitu kingine chochote.

Shemeji. Mumeo alipokuuliza unamwonaje ndugu yake, nadhani alisikia tuhuma ambayo wewe hukuitamka. Ulinyamaza, na kimya kikamjibu vibaya. Jaribu kumrudia wakati mmetulia, umwambie kwamba hata fundi angekuwa baba yako mzazi, diski ungeitoa, kwa sababu sharti ni la wenye picha wala si lako. Jambo likiwa ni kanuni ya kazi kwa kila fundi, halimgusi mtu mmoja. Huenda akaelewa mara moja, huenda akahitaji siku mbili tatu. Ipo pia hatari kwamba ataona umetafuta njia ya kuzunguka, kwa hiyo mwambie kabla ya kuifungua laptopu, asiikute diski imeshatoka.

Mavyaa nina swali naye. Umesema amesikia kwamba umekataa. Je, kuna aliyemwambia sababu? Yeye ni mwanamke, naye alikaa kwenye kiti kile siku yake, na bila shaka mamake naye alimwita mtu pembeni. Katika nyumba nzima huenda hakuna atakayekuelewa haraka kuliko yeye. Simjui, na wapo mama wanaotanguliza mtoto wao wa kiume mbele ya kila kitu. Lakini kumnyima sababu kisha kumhukumu kwa salamu fupi sidhani ni haki kwake.

Kuhusu kazi ya bure, ipokee kwa macho wazi. Fundi asiyelipwa humharakishi, na kikiharibika kitu humdai. Wiki mbili huweza kuwa sita, nawe ukashindwa hata kuuliza. Wengine huweka kitu kidogo mkononi mwa ndugu ili wote wawili wawe na uhuru wa kusema. Wengine wanaona hiyo ni dharau. Mumeo atakwambia ndugu yake yuko wapi kati ya hao wawili. Vyovyote iwavyo, mwombe aandike vifaa gani na bei gani, kwa majina na namba kamili. Akija Lamu tena, anaweza kuifanyia kazi mezani kwako na wewe upo, hasa kama ni RAM, SSD na feni. Kazi hizo hazihitaji safari ya Mokowe wala parseli ya basi.

Kaka yako umemsemea. Mpigie simu. Alikuletea kitu ili ufanye kazi, na kazi umeifanya mpaka imeizidi mashine. Sijui atasemaje, lakini mtu aliyebeba laptopu mkononi kutoka Dubai nadhani anastahili kuambiwa imezaa nini kabla ya kuambiwa inauzwa. Pengine yeye mwenyewe ana njia ya kupata yenye namba nzuri zaidi huko aliko. Ukimwagizia, mtajie kizazi na herufi ya mwisho. Ukimwambia "i7" peke yake anaweza kukuletea ya umri ule ule.

Yule mama anayekuuliza njiani asisubiri haya yote yaishe. Tengeneza nakala nyepesi za harusi ya mwanawe, uitoe filamu kwa 1080p, na laptopu uiinue kwa vitabu viwili ili feni ipate hewa chini. Mpe siku unayoweza kuitimiza. Na ukishaitazama ile Performance, niandikie mistari ile mitatu ilisema nini na mumeo alijibu nini, tuendelee kutoka hapo.